Refa Alivyovuka Barabara

Sikuwahi kumpenda Refa bila kumwonea wivu, na sidhani kama ingewezekana. Wivu wenyewe haukuwa wa mali, kwa sababu mali hakuwa nayo, wala haukuwa wa sura, maana sura yake ilikuwa ya kawaida tu na meno mawili ya mbele yalishaaga. Nilimwonea wivu kwa jinsi watu walivyogeuka akipita. Mimi nikipita mtaani kwetu Miyuji hata mbuzi hasogei. Akipita yeye, mama wa mkaa anaacha kupima, kinyozi anazima mashine, na watoto wa shule wanapaza sauti kwa pamoja, "Shikamoo Refaaa!" Naye anawajibu, "Marahaba, wachezaji wangu," kana kwamba mtaa mzima umesajiliwa kwenye mashindano yake.

Alikozaliwa na ukoo wake nawaachia wanawe wasimulie. Ninachokijua mimi ni hiki: kwa miaka mingi alikuwa refa wa mpira wa miguu katika viwanja vya Dodoma mjini na vijijini, na mimi nilikuwa mshika kibendera wake. Alikimbia katikati, nami nikakimbia pembeni. Tulipozeeka tukaacha uwanja, lakini majina hayakutuacha. Yeye akabaki Refa na mimi nikabaki Kibendera. Mwenzangu alipewa jina la kazi, mimi nikapewa jina la kitambaa.

Miguu ilitusaliti karibu wakati mmoja. Yangu ilianza na magoti, yake ikaanza na nyonga. Mkwe wangu akanichongea fimbo ya mninga, nzuri, nikamshukuru sana, nikaanza kutembea nayo huku nikijiona mzee wa heshima. Haukupita muda, binti yake Refa anayeishi ng'ambo akamtumia kigari cha umeme. Kilishushwa kwenye gari kikiwa ndani ya boksi kubwa kuliko jokofu, na nusu ya mtaa ilikuja kushuhudia likifunguliwa. Nami nilikuwepo, nimeegemea fimbo yangu, na ile fimbo ikageuka ukuni papo hapo.

Kilikuwa na magurudumu manne madogo, kiti chenye mgongo kama cha meneja, usukani kama wa pikipiki na kikapu mbele. Betri yake ilikaa chini ya kiti na ilichajiwa ukutani kama simu. Rangi yake nyekundu. Watu wakakibatiza "bajaji ya Refa," naye akakasirika kwa kujifanya tu, maana niliona alivyokuwa akijizuia kucheka. Kulikuwa na kitu kama kiulimi upande wa kulia wa usukani. Ukikibonyeza kwa kidole gumba, kigari kinakwenda. Ukikiachia, kinasimama hapo hapo, hakiserereki hata hatua moja. Nimelieleza hili mapema kwa sababu ndilo lililoleta balaa baadaye.

Mara ya kwanza alipotoka nacho nilimsindikiza kwa miguu. Nikamwambia, "Refa, nenda polepole, hiki si kitanda." Akanijibu, "Kibendera, wewe kaa pembeni kama kawaida yako." Watu wakacheka. Nami nikacheka, lakini roho iliniuma mpaka jioni.

Sasa njia yenyewe ya waenda kwa miguu pale Miyuji si ya waenda kwa miguu. Barabara ilipopanuliwa na lami mpya kumwagwa, pembeni waliweka vibaraza vizuri vya matofali, na kabla matofali hayajapoa wachuuzi walikuwa wameshatandika. Mwanzoni kuna viatu vya mitumba, mbele yake nyanya za mafungu, mbele zaidi karanga na vifuniko vya simu. Anayetaka kupita anapita kwa ubavu. Mtu mwenye miguu anaweza kujibana. Kigari hakijibani. Isitoshe hakikuwa na sauti, kilikuja nyuma yako kimya kama paka, na ghafla unahisi kitu kinakugusa nyuma ya goti. Wanawake wenye ndoo kichwani walipiga mayowe mara nyingi.

Kilikuja na honi, lakini Refa alikataa kuitumia. "Honi ni ya kumpigia ng'ombe," alisema. "Mtu anaitwa." Basi akawa anasema hodi. Anafika nyuma ya watu, anatamka kwa adabu, "Hodi jamani, hodi." Na watu wa Dodoma ukiwabishia hodi watafanya nini? Wanajibu, "Karibu!" Halafu wanageuka wote kumtazama mgeni, wanasimama kifua mbele, wameziba njia nzima kwa ukarimu. Anakaribishwa barabarani kama amefika nyumbani kwa watu. Nilimwona siku moja amekwama mbele ya kina mama watatu waliokuwa wakimuuliza habari za nyonga, za binti, za wajukuu wa ng'ambo, na nyuma yake foleni ya watu imefika kwenye duka la dawa.

Nikamshauri atumie filimbi yake ya zamani. Ulikuwa ushauri wangu na nilijivunia, lakini filimbi nayo ikaleta mambo. Alipoipuliza, vijana waliomjua walisimama ghafla, wakanyanyua mikono juu na kulalamika, "Refa, sijamgusa! Haki ya Mungu sijamgusa!" Mtaa mzima unaangua kicheko. Wapo waliokuwa wanamvizia makusudi ili wapuliziwe. Na ule ushauri wangu, hakuna aliyeukumbuka ulitoka kwa nani.

Siku moja aliparamia mafungu ya nyanya. Gurudumu la mbele lilipanda kwenye turubai, nyanya zikabingirika mpaka mtaroni, na mwenye nyanya akaweka mikono kiunoni tayari kutoa maneno. Refa akashuka taratibu kwenye kiti, akaingiza mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa kadi ya njano. Mfuko ule ulikuwa haukosi kadi mpaka uzeeni. Akainyanyua juu, akajionyesha mwenyewe. Mama wa nyanya akacheka mpaka akakaa chini, na watu wakapiga makofi. Nilisimama pale nikafikiri: ningekuwa mimi na fimbo yangu nimekanyaga fungu moja tu, ningetukanwa hadi babu zangu.

Ndivyo alivyokuwa. Kosa lake lilikuwa burudani, na la mwingine lilikuwa kosa.

Alikuwa mkali wa sheria, lakini si za kwake. Kijana wa bodaboda asipovaa kofia ngumu atamsimamisha na kumsomea mpaka abiria ashuke. Binti yake alipomtumia kizibao cha kung'aa cha kuvaa barabarani, akampa mlinzi wa shule. Nilipomuuliza akasema, "Refa huvaa nyeusi." Aliogopa mbwa kuliko lori. Alikuwa na subira na walevi, atamsikiliza mlevi nusu saa nzima, lakini ofisa wa serikali akiegesha shangingi juu ya njia ya waenda kwa miguu, Refa alisimama mbele yake na kupuliza filimbi mpaka mwenye gari anatoka hotelini na leso ya chakula bado shingoni.

Wachuuzi hakuwapulizia. Hili lilinishangaza kwa muda mrefu. Alipofika mahali njia imezibwa na viatu au nyanya, hakusema hodi wala nini. Aligeuza kigari, akashuka kwenye lami, akaenda pamoja na malori na mabasi mpaka awapite, halafu akapanda tena mbele. Nikamwambia, "Waambie wakupishe. Njia ni yako." Akasema, "Wale wako kazini, Kibendera. Mimi natembea tu." Basi akawa anatembea tu katikati ya malori, na madereva wanampigia honi, na yeye anawapungia.

Nyumbani kwangu hali haikuwa nafuu. Mke wangu akipika mlenda anaweka bakuli pembeni kabla hajanipakulia. "Hili la Refa," anasema, "maskini, mjane, nani atampikia?" Nami ninayelala naye nyumba moja napakuliwa baadaye. Nikasema siku moja, "Yule ana kigari, anaweza kuja kula mwenyewe." Mke wangu akasema, "Una roho ya kwa nini wewe." Sikubisha, maana nilikuwa nayo. Bakuli nikalibeba mimi mwenyewe, kwa miguu, fimbo mkono mmoja na mlenda mkono mwingine.

Tabia yake iliyonikera zaidi barabarani ilikuwa kuvuka kwa mshazari. Mwenye akili anavuka moja kwa moja, kutoka ukingo huu hadi ule. Refa alianza kona hii ya kivuko akamalizia kona ile, kwa sababu ndivyo refa anavyokimbia uwanjani, kutoka kona hadi kona, ili mpira uwe kati yake na mshika kibendera. Miaka yote ile ilimwingia mwilini. Hata msikitini, wenzake waliniambia, alikatiza ua kwa mshazari. Nilimwonya kwamba barabara si kiwanja. Akasema magari nayo yanahitaji kuonwa pande zote.

Ya pili ilikuwa salamu. Mtu akimpa shikamoo, Refa hawezi kuitika kwa mdomo tu. Lazima anyanyue mkono, na mkono wa kushoto haumsalimii mtu, hilo hakuna wa kwetu asiyelijua. Basi ananyanyua wa kulia. Akinyanyua wa kulia kidole gumba kinakiachia kile kiulimi, na kigari kinasimama palepale kilipo. Kila salamu ni breki. Kwa mtu kama mimi, anayesalimiwa mara mojamoja, lisingekuwa tatizo. Yeye alikuwa anasimama na kuondoka, anasimama na kuondoka, tangu kwake hadi sokoni, na walio nyuma yake wanagongana.

Kabla sijafika kwenye ajali lazima nieleze jambo la Mtera, la sivyo hutanielewa.

Tulikwenda kuchezesha mechi kule bwawani, timu ya wavuvi na timu ya wageni kutoka vijiji vya juu. Mistari ya uwanja ilichorwa kwa majivu, na upepo wa siku ile ulikuwa wa kuezua bati. Kufika mapumziko majivu yameshapeperuka yote. Mstari ulibaki kichwani mwangu tu, kwa sababu nilikuwa nimeutembea kabla ya mchezo na kuukariri, jiwe hili, kichaka kile, shimo la panya. Ndiyo ilikuwa kazi yangu na niliijua. Mwisho wa mchezo wageni wakapiga mpira, kipa wa wavuvi akaudaka akiwa nyuma ya mstari wa goli. Nikanyanyua kibendera. Kila mtu akanitazama. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu uwanja mzima ulinitazama mimi. Refa akaja, akaangalia kibendera, akaniangalia usoni, akasema kwa sauti ya kusikika hadi majini, "Nimekuona, Kibendera. Uamuzi ni wangu. Hakuna goli." Wavuvi wakamnyanyua juu. Jioni nilipomuuliza kwa nini, alikuwa anachambua miba. "Mchezo umekwisha," alisema. "Kula samaki."

Nilikula. Lakini ule mpira uliingia, na mpaka leo naweza kukuonyesha jiwe.

Si mara moja hiyo tu. Alinikatalia kibendera Mvumi, alinikatalia Chamwino, alinikatalia hapa hapa mjini mbele ya shemeji zangu. Alikuwa na haki hiyo, sheria inampa. Ila ukinyimwa neno kwa miaka yote hiyo, kiu inabaki. Sikutaka filimbi yake wala kigari chake kama nilivyotaka kitu kimoja: siku moja, mbele za watu, Refa aseme Kibendera kaona.

Ajali ilitokea asubuhi kwenye kivuko cha karibu na shule. Nilikuwa ng'ambo ya barabara, nimesimama na fimbo yangu, nasubiri kuvuka. Watoto walikuwa wameshavuka, wako upande wangu. Refa akaingia kivukoni kwa mshazari wake. Kijana wa bodaboda akaja, hakuwa na kasi ya kutisha, akaona kigari kinaelekea kumaliza kuvuka, akakadiria apite nyuma yake. Na angepita salama. Ndipo watoto wakageuka, wakamwona. "Shikamoo Refaaa!" Mkono wa kulia ukapanda. Kigari kikasimama. Pikipiki ikagonga gurudumu la nyuma, kijana akaruka akaangukia kiganja, Refa akaanguka ubavu, na kigari kikageuka miguu juu kama kobe.

Mungu alisaidia. Kijana alivunjika mkono karibu na kiganja, Refa akachubuka na kupata mshtuko wa nyonga. Askari wa usalama barabarani walikuja, wakatazama, wakasema kwa kuwa hakuna aliyeumia vibaya na pande zote zinafahamiana, tuyamalize mtaani.

Tukaitwa ofisi ya serikali ya mtaa. Mwenyekiti wetu ni mama mwenye sauti ndogo lakini hakuna anayeongea akiongea yeye. Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Bodaboda walikuja wote, wakaegesha pikipiki zao nje kwa safu. Mwenyekiti akaliweka jambo wazi.

"Kijiwe cha bodaboda kina utaratibu wake," alisema. "Anayemgonga mtu ndani ya kivuko haegeshi tena pale. Wenyewe wamekubaliana hivyo na mimi nauheshimu. Lakini kama mzee wetu alikuwa nje ya kivuko, amesimama kwenye njia ya vyombo vya moto, basi kosa si la kijana. Na itabidi kigari kisitoke tena kwenda barabara kubwa, maana safari nyingine tutamzika. Nani aliona?"

Watoto walikuwa wameangalia uso wa Refa. Mama wa karanga aliziba macho. Dereva wa gari lililofuata alikuwa ameshaondoka. Nikanyanyua mkono.

"Kibendera," akasema Mwenyekiti, "alikuwa ndani au nje?"

Nikasimama. Nilikuwa nimevaa shati la kupigwa pasi. Sitaficha: moyo wangu ulitamani iwe nje. Nilitaka kigari kile kibaki ndani kifunikwe, Refa atembee na fimbo kama mimi, mama wa mkaa apime mkaa wake bila kugeuka. Nilikuwa nimelala na wazo hilo na kuamka nalo. Lakini mstari ni mstari. Mambo mengine yote mtu anaweza kunishawishi, ila si mahali mstari ulipo.

"Alikuwa ndani," nikasema. "Magurudumu ya mbele yote mawili yalikuwa ndani kabisa. La nyuma kulia lilikuwa ndani. La nyuma kushoto, lililogongwa, lilikuwa juu ya mstari mweupe wa mwisho. Mstari ni sehemu ya eneo. Chombo kikigusa mstari, bado kiko ndani."

Nikawaona wanaelewa. Watu wazima, vijana, Mwenyekiti mwenyewe anatikisa kichwa taratibu kukubali, na wote wananitazama mimi. Mzee mmoja nyuma yangu akasema, "Huyu alikuwa mshika kibendera, huyu anajua." Kijana wa bodaboda aliinamisha kichwa, mkono umefungwa bendeji, na wenzake wakaanza kunung'unika. Nilimhurumia, sisemi sikumhurumia. Lakini nilikuwa nimesema kilichokuwepo, na kwa mara ya kwanza kilikuwa kinamfaa Refa mwenyewe. Hakuwa na sababu yoyote duniani ya kunikatalia.

Refa alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki mbele, fimbo ya kuazima katikati ya magoti. Akasimama kwa shida. Kabla hajafungua mdomo nilijua, kwa jinsi alivyonyoosha mgongo.

"Mwenyekiti, nimemsikia Kibendera," alisema. "Mtu mwaminifu, tumefanya naye kazi. Lakini leo amekosea. Yeye alikuwa ng'ambo, mimi nilikuwa juu ya kigari. Nilikuwa nje."

Nikasema, "Refa, gurudumu lilikuwa juu ya mstari!"

"Hiyo ni sheria ya mpira, ndugu yangu. Kigari si mpira. Nilikuwa nje. Uamuzi ni wangu."

Wakacheka. Wakacheka kwanza kwa mzaha wake, halafu bodaboda wakaanza kushangilia, wakapiga meza, mmoja akakimbia nje kupiga honi. Kijana akaenda akampigia Refa magoti na kumshika mkono kwa ule mkono wake mzima. Mwenyekiti alinigeukia akasema kwa upole, "Asante, mzee wangu, umri nao una mambo yake, macho hayawi yale yale." Nikakaa. Fimbo yangu ikaanguka na hakuna aliyeiokota.

Njia nzima kurudi nyumbani watu walikuwa wanamsifu. Mzee wa haki, mzee anayejihukumu mwenyewe, wapi utampata tena mtu kama yule. Mke wangu naye alikuwepo mkutanoni. Alipika mlenda usiku ule na akaweka bakuli kubwa zaidi.

Kigari kikafunikwa kwa khanga kuukuu sebuleni kwake. Bila kigari nyonga ilimkakamaa haraka, akawa mtu wa kutoka kitandani hadi kibarazani na kurudi. Watu walikwenda kumsalimia mmoja mmoja, halafu wakapungua, si kwa ubaya, watu wana shughuli zao. Mimi niliendelea kwenda, maana bakuli lazima lipelekwe na lazima lirudi. Tuliongea habari za mpira wa redioni, za mvua, za bei ya uwele. Ya mkutano hatukuyagusa. Nilikuwa nimeyabana kifuani, na kila nikimwona anakula mlenda wa mke wangu yananipanda mpaka kooni.

Mara ya mwisho nilimkuta kibarazani, mabegi yamefungwa. Mwanawe mkubwa alikuwa anakuja kesho yake kumchukua akaishi naye Kondoa. Alikuwa amekonda, shati limekuwa kubwa. Nikampa bakuli, akala kidogo, akalishusha. Nikaona nisiposema leo sitasema tena.

"Refa," nikasema, "siku ile kivukoni. Uliona gurudumu lilipokuwa?"

"Sikuona," akajibu, wala hakufikiri. "Nilikuwa nawatazama watoto."

"Hukuona."

"Ningeonaje? Lilikuwa nyuma yangu."

"Halafu ukasema nje."

"Nikasema nje." Akajipangusa mdomo. "Yule kijana akifukuzwa kijiweni anakwenda wapi? Mimi nikifukuzwa barabarani nakaa hapa, unaniletea mlenda."

Nilitaka kumpiga na nilitaka kumkumbatia. Wivu ulinishika vibaya kuliko siku zote, kuliko siku ya boksi, kuliko hata Mtera, kwa sababu sasa niliona kwamba hata wema alikuwa amenizidi, na amenizidi kwa kutumia neno langu.

"Na mimi?" nikamuuliza.

"Wewe nini?"

"Mimi nilisema kweli mbele ya mtaa mzima. Nikaambiwa macho yamezeeka. Sasa hivi hata mwenye duka ananisomea noti za chenji ndipo anipe. Mara moja tu, Refa. Mara moja tu ungesema Kibendera kaona."

Akatazama mabegi yake. Barabarani pikipiki zilipita, na hakuna aliyeangalia upande wetu.

"Kama ulisema ndani, lilikuwa ndani," akasema hatimaye. "Macho yako sijawahi kuyatilia shaka, Kibendera. Hata siku moja. Basi sasa tunajua, mimi na wewe."

"Wawili hatutoshi, Refa," nikamwambia.